Filimbi Kumi na Nane

Mwalimu Mkuu alipotangaza kwamba Alhamisi Mkaguzi atakuja kukitazama kipindi cha muziki, ofisi nzima ya walimu ilimgeukia mwalimu wa muziki kwa huruma. Ilikuwa huruma ya aina ile ya watu wanaolipima kabati lako kwa macho kabla hujahama.

"Mkaguzi ataandika mstari wake mwenyewe ubaoni," Mkuu alisema, mikono nyuma, tumbo mbele. "Mstari mpya, ambao watoto hawajauona hata ndotoni. Wakiusoma na kuupiga sawasawa, kipindi kinabaki. Wakivurunda, muhula ujao saa hiyo inakwenda kwa hesabu. Sijasema mimi. Ni maagizo kutoka juu."

Huko juu hakuna mwalimu aliyewahi kufika wala kumjua anayekaa huko, lakini jamani, kwa maagizo hawajambo. Mwaka juzi yalishuka ya kupanda maua mbele ya ofisi. Mwaka jana yakashuka ya kuyang'oa maua hayohayo na kuweka mawe yaliyopakwa chokaa. Sasa yalikuwa yameshuka haya, na mwenye zamu ya kung'olewa alikuwa mwalimu wa muziki.

Watoto walimwita Mama Robo, kwa sababu siku nzima alikuwa akiwaimbia habari za nota robo, ile yenye kichwa cheusi na mguu mmoja, inayokaa pigo moja tu na kuondoka. Jina hilo alilisikia mara ya kwanza nyuma ya choo cha wasichana, akajifanya hakulisikia, na tangu siku ile akalipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na saa moja tu kwa wiki na darasa la tatu. Saa moja! Wiki nzima aliishi akiisubiri, na zile siku nyingine alifundisha usafi wa mwili na kuandika majina ya waliochelewa.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," alisema mwalimu wa hesabu, akivuta kiti karibu. "Hiyo saa yako nikiipata nitaitunza kama yai."

Huyu mwalimu wa hesabu alikuwa mdogo wa mume wa Mama Robo, kwa hiyo alikuwa na kibali cha kumchokoza kazini na nyumbani, na kibali hicho alikitumia bila kupumzika. Alikuwa na vipindi kumi kwa wiki katika darasa lile la tatu. Kumi! Na bado alilia njaa.

"Utaitunza wapi?" Mama Robo alimjibu. "Kumi ulizo nazo zimekushinda. Juzi nimewakuta wanagawanya machungwa saba kwa watu watatu, wanapata machungwa manane."

Walimu wakacheka. Mwalimu wa hesabu akacheka pia, lakini alitoa ratiba mfukoni na kuonyesha kwamba ile saa ya Alhamisi ameshaiandika hesabu, kwa penseli. Penseli badala ya kalamu, ndiyo heshima hiyo. Mama Robo alicheka na wenzake, ila ile penseli hakuisahau mpaka jioni.

Sasa tuseme ukweli kuhusu chumba chenyewe cha muziki. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na kwa kuwa madawati mabovu yalizidi kuongezeka, chumba kiligawanywa, nusu muziki, nusu vyuma. Dirisha lilikuwa moja. Ubao ulikuwa na ufa katikati, na Mama Robo alijifunza kuchora mistari yake mitano ipite juu ya ufa ule. Watoto walikuwa thelathini na sita. Filimbi zilikuwa kumi na nane, za plastiki, rangi ya maziwa yaliyokaa. Aliziomba mwenyewe kwa barua saba. Kila mwaka Mkuu aliziorodhesha kwenye taarifa ya shule kama "vifaa vya kisasa vya muziki, vya kutosha."

Watoto wawili, filimbi moja. Ungefanyaje? Mwalimu mwingine angesema hawa leo, wale wiki ijayo, na mtoto akikosa Alhamisi moja kwa homa basi anapiga filimbi mara moja kwa mwezi. Mama Robo hakutaka. Alitaka kila mtoto apige kila Alhamisi, katika kila mstari. Akabuni mpango wake.

Kwanza aliwafundisha kusoma kwa mdomo. Nota robo, pigo moja, ilisomwa "mbu." Nota mbili ndogo zilizoshikana mikono, ambazo mwenyewe aliziita mapacha kwa sababu zinagawana pigo moja, zilisomwa "paka." Nota nusu, ile yenye kichwa kitupu na mguu, mapigo mawili, ilisomwa "ng'oo," kama mtu anayekataa kuogeshwa. Na nota nzima, yai tupu lisilo na mguu, mapigo manne kamili, ilisomwa "looo," kama mama aliyekuta sufuria imeungua. Ukipita nje ya stoo siku ya Alhamisi ungesikia watoto thelathini na sita wakipaza sauti, "Mbu, mbu, paka, mbu! Ng'oo, ng'oo! Looo!" na ungefikiri kuna ugomvi wa majirani. Lakini walikuwa wanasoma. Mtoto wa miaka tisa akitazama kichwa cheusi na mguu akajua kinakaa muda gani, huyo anasoma, hata kama mwalimu wa hesabu anasema ni kelele za mifugo.

Halafu ikaja alama ya pumziko, ile kama radi ndogo iliyosimama, inayosema hapa ni pigo moja la kimya. Na hapa ndipo Mama Robo alipojiona ana akili nyingi. Katika kila mstari aliotunga aliweka pumziko katikati. Wa kwanza anapiga mpaka pale, anapangusa mdomo wa filimbi kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi, anampa mwenzake, na mwenzake anaendelea na nusu iliyobaki. Yote hayo katika pigo moja. Waliifanyia mazoezi mwezi mzima. Mwanzoni filimbi zilianguka kama mvua ya mawe, lakini baadaye, lo, ilikuwa raha kuwatazama. Pangusa, toa, pokea, piga. Wale waliotangulia kwenye daftari la mahudhurio walianza, na waliokuja nyuma walimalizia.

Kweli, wiki ya kwanza aliwaeleza kwamba ile alama ni ya kimya. Aliwaeleza mara moja. Yale ya kupangusa na kumpa mwenzako aliyaeleza mara mia tatu. Basi wewe hesabu mwenyewe ni lipi liliingia vichwani. Hata walipopiga makofi bila filimbi, wakifika penye pumziko kila mtoto alimgusa mwenzake kiganja. Mama Robo alilitazama jambo hilo wiki baada ya wiki akatabasamu. Alidhani ni upendo.

Jumapili mwalimu wa hesabu alikuja kula kwa kaka yake, kama kawaida yake, mikono mitupu na tumbo tupu. Kaka mtu alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na aliketi katikati yao kama ukuta wa kuzuia moto.

"Kaka, mwambie mkeo asiumie," mwalimu wa hesabu alisema akijipakulia. "Muziki mtoto anaimba hata bafuni. Hesabu nani anafanyia bafuni?"

"Nyama umechukua vipande vinne," Mama Robo alisema. "Sisi ni watatu na vilikuwa saba. Hebu nifanyie hesabu hiyo."

"Shemeji, kweli nakuambia. Mkaguzi huyu hana mchezo. Shule ya jirani amefuta kilimo kwa sababu jogoo alikuwa mgonjwa."

"Wangu hawaumwi. Na dakika moja ya saa yangu huipati, sikia vizuri. Hata moja. Na mimi za kwako sizitaki hata ukiniletea kwenye sinia."

"Kuleni," alisema seremala.

Alipoosha vyombo, Mama Robo alijikuta akigonga sufuria kwa kijiko, mbu, mbu, paka, mbu. Aliacha. Aliogopa. Bila ile saa alijiona wazi atakavyokuwa: mwanamke wa kuandika majina ya waliochelewa mpaka astaafu.

Alhamisi asubuhi alifika stoo akakuta maboksi mawili mlangoni, na Mkuu amesimama kando yake amevaa tai mpya, anang'aa kama aliyeposa.

"Fungua, mwalimu, fungua!"

Ndani mlikuwa na filimbi. Nyingi, nyeusi, safi, zinanukia duka.

"Za shule ya ng'ambo ya barabara," Mkuu alinong'ona. "Mkuu wao ni rafiki yangu. Saa saba zinarudi. Leo kila mtoto na filimbi yake! Mgeni aone shule iliyokamilika."

"Mkuu, watoto wamezoea wawili kwa filimbi moja."

"Watafurahi zaidi."

"Wamezoea kupokezana, Mkuu. Nusu na nusu."

"Mwalimu," Mkuu alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linawaka, "hakuna aliyewahi kufeli kwa kuwa na vifaa vingi."

Mama Robo angeweza kukataa. Lakini alizishika zile filimbi mpya na zilikuwa nzuri mno, na kiherehere nacho ni ugonjwa. Alizigawa. Watoto wakapiga kelele za furaha mpaka vumbi likashuka darini. Kila mtoto na yake! Wakazinusa, wakazilinganisha, wakazifunga vitambaa vyao. Hakuna aliyeuliza mpango umebadilika vipi, na mwalimu wao, kwa wasiwasi wake, hakusema.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na mkoba mkubwa. Mkuu alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili. Mkaguzi alisikiliza mpaka "mgeni wetu mpendwa," akasema, "Darasa liko wapi?" na kurasa mbili zikarudi mfukoni zikiwa bikira. Waliingia stoo. Mwalimu wa hesabu akajipenyeza nyuma yao na kusimama mlangoni, boksi lake la chaki kwapani, kwa kuwa kipindi kilichofuata kilikuwa chake, na kwa kuwa mtu haachi kuhudhuria anapotarajia kurithi.

Mkaguzi hakupoteza muda. Alichukua chaki akaandika mstari wake, akashangaa kidogo kuukuta ufa, akauruka. Robo, robo, mapacha, robo. Nota nusu, robo, pumziko. Mapacha, mapacha, robo, robo. Mwisho nota nzima. Pumziko lilikaa palepale katikati, kana kwamba Mama Robo ndiye aliyemshika mkono.

"Wasome kwanza," alisema.

"Moja, mbili, tatu, nne," Mama Robo alihesabu.

"Mbu, mbu, paka, mbu! Ng'oo, mbu," walisema watoto, wakagusana viganja, "paka, paka, mbu, mbu! Looo!"

Hakuna aliyekosea. Mkaguzi aliinua nyusi zake mbili kwa pamoja. Kule mlangoni mwalimu wa hesabu alibadilisha mguu wa kusimamia.

"Sasa wapige."

Watoto thelathini na sita waliweka filimbi thelathini na sita midomoni. Hapo kwanza wale wa pili walitazamana. Wao huanza baada ya pumziko. Lakini filimbi wanazo mkononi, wafanyeje? Wakapiga. Robo, robo, mapacha, robo, vizuri kabisa. Nota nusu, robo, vizuri. Likafika pumziko. Kwa pigo moja, bila kuchelewa hata chembe, watoto thelathini na sita walipangusa filimbi zao, kila mmoja akampa mwenzake yake, akapokea ya mwenzake, akaitia mdomoni, na wote wakaingia kwenye mapacha kwa wakati. Haikuanguka hata moja. Walimaliza kwa nota nzima, ndefu, ya fahari, kisha wakatulia wakisubiri kusifiwa.

Mkaguzi aliweka chaki chini. Alikwenda ubaoni akaweka kidole juu ya ile radi ndogo.

"Watoto, hii alama maana yake nini?"

"Mpe mwenziooo!" lilijibu darasa zima.

Mlangoni mwalimu wa hesabu alipata kikohozi cha ghafla. Mama Robo alitamani ardhi ipasuke, immeze yeye, ubao na mawe yote yenye chokaa.

"Mpe mwenzio," Mkaguzi alirudia polepole, kama anayeonja dawa. "Nani kawafundisha?"

Vidole thelathini na sita vilimwelekea Mama Robo. Kwa upendo mwingi, hilo halina shaka.

Mkuu aliona hatari akajitosa. "Mama Mkaguzi, ni mbinu ya kisasa. Ushirikiano. Shule yetu ina vifaa vya kutosha, kama unavyojionea, lakini tunawajenga watoto kimaadili, washirikiane hata pasipo na haja..."

Mkono ulinyooka kule nyuma. Ulikuwa wa msichana ambaye wenzake walimwita Wakili, na hawakumwonea. Alikaa na mvulana aliyeitwa Injini kwa wingi wa pumzi zake. Wakili alikuwa wa mwisho kwenye daftari la mahudhurio, kwa hiyo wakati wote Injini alianza na yeye akamalizia.

"Si hivyo," Wakili alisema. "Filimbi zetu ni kumi na nane, zile za maziwa. Sisi tuko thelathini na sita. Ndiyo maana tunampa mwenzetu. Hizi nyeusi zimekuja leo asubuhi na zinarudi saa saba. Mwalimu Mkuu alisema mlangoni."

Mkaguzi alimtazama Mkuu. Mkuu alitazama dari, ambayo ghafla ilikuwa na mambo mengi ya kuvutia.

"Zirudisheni kwenye maboksi," Mkaguzi alisema. Halafu alimgeukia Mama Robo, na hakuwa mkali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mwalimu, wanasoma. Nimeona kwa macho yangu. Lakini alama hii hawaijui. Mtoto wako akienda popote pengine atachekwa. Una dakika kumi na tano. Wafundishe mbele yangu. Wakiipata, kipindi kinabaki. Wasipoipata, nitaandika nilichokiona."

Mama Robo alizikusanya zile nyeusi kwenye maboksi. Aliwagawia filimbi zile za maziwa, moja kwa wawili, kisha akasimama mbele yao.

"Kosa ni langu," aliwaambia. "Nimewafundisha kugawana filimbi, nikasahau kuwafundisha alama. Hii hapa haisemi mpe mwenzio. Hapa ni kimya. Pigo linapita lakini hakuna anayefanya chochote. Mikono haitembei, kitambaa hakitembei, hata wewe Injini hupumui kwa nguvu. Anayepiga anangoja, halafu anaendelea yeye mwenyewe."

Walijaribu kwa mdomo. Mara ya kwanza nusu ya darasa ilinyoosha viganja. Mara ya pili viganja vilitulia, lakini Injini aliachia kicheko puani na wote wakafuata. Mara ya tatu Mama Robo alihesabu kwa vidole tu, akafika pale, na stoo ikanyamaza. Pigo zima. Ilisikika chaki ya mwalimu wa hesabu ikibingirika ndani ya boksi.

"Kwa filimbi," alisema Mkaguzi.

Wa kwanza kumi na nane walipiga. Mbu, mbu, paka, mbu. Ng'oo, mbu. Kimya safi. Paka, paka, mbu, mbu, na looo ya mwisho ikaenda mapigo manne bila kuchechemea. Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, akafungua mkoba, akatoa fomu, akaandika akiwa amesimama, akatia sahihi.

"Hilo ndilo pumziko. Kipindi kinabaki."

Mama Robo alishika meza. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, alitaka kuimba, alitaka kumkumbatia yule mwanamke na mkoba wake. Mkuu alikuwa ameshapona. "Nilijua mimi!" alisema. "Huyu mwalimu nimemlea mwenyewe. Karibu ofisini, Mama Mkaguzi, soda ziko baridi." Na kengele ikalia.

Mkono wa Wakili ulikuwa juu tena.

"Mwalimu, nimeelewa. Pale ni kimya, Injini anangoja halafu anaendelea."

"Vizuri sana, mwanangu."

"Sasa mimi napiga lini?"

"Keti!" Mkuu alifoka kwa kunong'ona. "Mgeni anaondoka!"

Wakili aliketi. Mama Robo alilitazama darasa lake. Watoto kumi na nane walishika filimbi, na pembeni ya kila mmoja alikaa mtoto mwenye mikono mapajani. Wameisoma alama vizuri. Wamekaa kimya vizuri. Wamemshindia mwalimu wao saa yake, na katika saa hiyo, baada ya kunyang'anywa zile nyeusi, hawakupuliza pumzi moja. Wala hakuwaona. Mstari mzima aliuhesabu akimtazama Mkaguzi na kalamu yake. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayochoma nyuma ya shingo. Yeye ndiye aliyeapa kila mtoto apige kila Alhamisi.

Alitembea mpaka mlangoni.

"Shemeji," alisema, "niazime dakika kumi."

Mwalimu wa hesabu alitoa macho. "Wewe? Dakika za hesabu?"

"Kumi tu. Nakuomba."

Alikuwa na mengi ya kumjibu, maana tangu Jumapili alikuwa ameyaweka akiba, tena mazuri. Alifungua mdomo. Halafu aliona uso wa shemeji yake hauna utani hata kidogo, akachungulia ndani akaiona ile mikono mapajani, thelathini na sita, na kuhesabu, tukubali, alikuwa anajua.

"Chukua," alisema. "Ila nakaa humuhumu. Sikuamini."

"Mama Mkaguzi, soda," alikumbusha Mkuu.

"Kainywe wewe," Mkaguzi alisema, akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakamfika kidevuni.

Mama Robo alikwenda mpaka dawati la nyuma. Alichukua filimbi mkononi mwa Injini, akaipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, akampa Wakili.

"Nilikusahau," alimwambia mbele ya wote. "Wewe na wenzako. Nilikuwa naogopa kupoteza kipindi, nikawasahau. Mnisamehe."

Watoto hawakuwa wamewahi kusikia mtu mzima akisema neno hilo ndani ya jengo lile, na wengine walitazama kama kuna fimbo inayofuata. Wakili alifikiri kwa makini, kama kawaida yake.

"Sawa," alisema. "Ila leo napiga mstari mzima. Sitaki nusu."

"Mzima. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wote mliobaki, chukueni filimbi kwa wenzenu. Moja, mbili, tatu, nne."

Walianza. Robo, robo, mapacha, robo, na Wakili alipuliza mwanzo wa mstari kwa mara ya kwanza bila Injini mbele yake, kwa nguvu kupita kiasi, mlio ukapanda kama wa birika, lakini muda wake ulikuwa barabara. Mwalimu wa hesabu, kule mlangoni, alianza kupiga makofi kufuata pigo. Alisahau yuko upande gani. Nota nusu, kofi, kofi. Robo, kofi. Likafika pumziko, darasa zima likanyamaza, na kofi moja kubwa la mwalimu wa hesabu likalia peke yake katikati ya stoo.

Vichwa thelathini na sita vikageuka, na kimoja cha Mkaguzi.

"Mwalimuuu!" walipiga kelele. "Hapo kimya!"

Hakuna aliyecheka zaidi ya Mama Robo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyapangusa. Wakili alitoa filimbi mdomoni.

"Tuanze tena," alisema, "na mwalimu wa hesabu aweke mikono mfukoni."

Mwalimu wa hesabu aliweka boksi lake la chaki sakafuni, akatia mikono mfukoni, na wakaanza upya.